Emilia Erasto Wawili

Masasi, 6 Mei 2024

Kaka Erasto,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua ya vumbi tu. Mama anaendeleaje hapo Mkunya, na ule mguu?

Programu ya kikundi chenu ya kugawa salfa, dawa ya mikorosho, iko tayari. Kazi yote iko hapa:

wakulima.filter(m => m.jina === jina)

Wakulima ni orodha. Mshale unasema: mchukue kila m, tazama jina lake, likilingana na uliloandika, mlete. Filter inaleta wote. Find inaleta wa kwanza tu, inasimama. Usiguse.

Mdogo wako,
Dominika

Mkunya, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Dominika,

Marahaba. Sisi wazima, mama anakusalimu. Watu wa kikundi sasa wananiita katibu wa kompyuta! Ila nikiandika Emilia Erasto wanakuja wawili. Si unajua, mimi nina jina la babu mzaa mama, na binti yangu nimempa la mama. Nikaona usumbufu, nikaweka find. Anakuja mmoja, safi. Salfa tumegawa jana.

Kaka yako,
Erasto

Masasi, 19 Oktoba 2024

Erasto,

Natumaini mko wazima. Jumapili nilifika Mkunya, hukuwepo. Mikorosho ya mama ni themanini na nne. Bila dawa, ugonjwa wa ubwiri unga umekausha maua. Iliyobeba nimehesabu tisa. Nikamuuliza, "Mama, salfa hukupata?" Akasema, "Mashine ilisema Emilia Erasto ameshachukua, mwanangu. Nikarudi nyumbani."

Nimefungua orodha. Emilia Erasto, nafasi ya tatu: miaka sita, mikorosho sitini. Mtoto wa darasa la kwanza ana shamba lini? Mama yuko nafasi ya arobaini na moja. Usiniambie programu imekosea. Find ilimleta uliyemtanguliza.

Baba naye alikuwa find. Ada ilifika kwako ikasimama, mimi nikajifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hilo nililimeza. Lakini mama?

Nimerudisha filter, na kila jina sasa lina namba ya simu ya mwenyewe. Wa miaka sita atafute yake.

Mama nimemchukua, yuko kwangu. Majirani wakimuuliza ana watoto wangapi, bado anajibu wawili.

Shangazi yake Emilia,
Dominika