Mwisho wa Dubwana la Chumvi

3 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na jicho la kushoto bado linakutii. Mimi sijambo, ila mgongo. Kiwandani wamenihamishia meza ya kukagua soli za viatu, na kutwa nzima nimeinama.

Baba, nimechoka na wauza kanda za sinema. Ile niliyokuandikia imefika. Jaladani pana dubwana lenye magamba limenyanyua garimoshi. Nikajua tayari, nimeipata. Kuiweka kwenye mashine, ni mama mmoja anafundisha mazoezi ya viungo. Niliitazama mpaka mwisho, nikidhani labda dubwana litatokea nyuma yake.

Hii ni ya kumi na moja. Huku Asia walitengeneza madubwana kwa mamia, na mengi hayakumbukwi hata na walioyatengeneza. Nimepata la matope, nimepata la manyoya, na moja naapa ni mwanamume aliyejifunga godoro. La kwetu silipati. Wenye maduka nawaeleza: kakakuona mrefu kuliko ghorofa, anatoka mgodi wa chumvi, anapigwa mizinga darajani, anaanguka. Theluji inashuka. Anakuja msichana mwenye mwavuli mwekundu, ananyoosha mkono, anamgusa, na jicho la dubwana linafunguka. Wanatikisa vichwa tu.

Likizo yangu ni Agosti. Daktari alisema macho yako yatakufikisha mwisho wa mwaka. Nataka tuitazame pamoja sebuleni, kama ulivyokuwa unaniketisha chumba cha mashine pale ukumbi wa sinema. Sitakuja mikono mitupu.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu Mama Maswali,

Marahaba. Huku tu wazima. Jicho la kulia limeshaniaga. La kushoto linaona katikati, pembeni ni giza. Jana nililisalimu koti langu mlangoni nikidhani ni mgeni, na nikaudhika halikuitikia.

Kuhusu hiyo sinema, achana nayo. Filamu za zamani ziliungua, zilioza, nyingine zilikatwakatwa. Unapoteza siku zako za mapumziko kuzunguka vichochoroni. Njoo wewe mwenyewe, inatosha. Nataka kuona kama kweli umenenepa kama ulivyo kwenye picha.

Mwalimu mstaafu wa chumba cha pili anakusalimu. Analalamika kwamba chumbani kwangu kunanuka siki. Namwambia anuse kwake kwanza.

Baba yako

11 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Vipi jicho? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo inachemka.

Nimeipata, Baba. Na siyo.

Kuna mzee mmoja, zamani alifanya kazi kwenye maabara ya kusafisha filamu. Anakaa ghorofa ya tano, lifti mbovu, chumba kimejaa makopo ya filamu kutoka sakafuni hadi dari. Namwita Mzee Siki, maana ngazini tu harufu inakupokea. Anasema filamu ikizeeka ndivyo inavyonuka, ndiyo inakufa hivyo. Nilipomtajia kakakuona na mgodi, akacheka, akavuta kanda. Ni yeye! Magamba yale yale, daraja lile lile. Nilianza kulia hata kabla hajafika mjini.

Halafu akaanguka, wakamlipua, akafa. Wanajeshi wakapiga saluti. Basi. Hakuna theluji, hakuna msichana.

Nikamwambia mzee kanda yake haijakamilika. Akasema hajawahi kuwako msichana. Nikasema baba yangu alikuwa fundi wa mashine ya sinema, mimi niliiona kwa macho yangu. Akasema mtoto wa miaka saba huona mengi. Tukabishana mpaka akanifungulia mlango nitoke, na kanda akakataa kuninakilia.

Lazima kuna nakala mbili. Mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa treni, kuna hifadhi ya filamu. Nimeomba likizo yangu isogezwe hadi Desemba. Agosti nitapewa siku chache za kwenda huko. Usinigombeze.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Usisogeze likizo. Nakuomba, njoo Agosti. Mambo ya sinema nitakueleza ukifika.

Baba yako

28 Septemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Umekaa kimya tangu Juni na mimi nina wasiwasi.

Nilikwenda. Siku mbili nilikaa kwenye benchi nikingoja mtu mwenye funguo. Alipokuja alikuwa na daftari lenye orodha yote: nakala saba, zote mwisho mmoja, dubwana linakufa. Nikamchorea msichana na mwavuli kwenye karatasi. Akawaita wenzake waje waangalie, wakacheka kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Barua yako ya Juni ilinifika nikiwa nimeshabadilishiwa likizo, na msimamizi hakukubali kuirudisha. Nimepoteza Agosti, Baba, kwa kitu ambacho dunia nzima inasema hakipo. Wewe uliionyesha kila siku kwa wiki nzima. Niambie tu. Niliota?

Binti yako

19 Oktoba

Mwanangu Mama Maswali,

Marahaba. Usishtuke na mwandiko, ni wa Mwalimu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunisahihisha. Jicho la kushoto lilifunga Agosti, tarehe kumi na nne. Nilikuwa nanyoa ndevu.

Hukuota.

Mama yako alikuwa na wiki tatu kaburini. Sikuwa na pa kukuacha, nikawa nakuja nawe kazini. Siku ya kwanza ya ile sinema, dubwana lilipolipuliwa ulinigeukia ukauliza, "Na huyu pia?" Hukulia. Hukula siku hiyo, wala kesho yake.

Nikachukua mkasi. Nikakata kifo chote. Msichana mwenye mwavuli nilimtoa kwenye filamu nyingine iliyokuwa rafuni. Alikuwa kwenye theluji, anagusa ukuta wa nyumba yao. Jicho nililitoa mwanzoni, pale dubwana linapoamka mgodini. Watazamaji wakalikuta limeshaamka na hakuna aliyelalamika. Siku ya tatu nikakuketisha tena kwenye kiti changu. Jicho lilipofunguka ukasema una njaa.

Wenye filamu waligundua ilipowarudia, wakaitupa, na mwenye ukumbi akanifukuza. Wewe nilikwambia nimechoka na mashine, napenda zaidi kutengeneza redio. Si kweli. Redio sikuzipenda hata siku moja.

Kile nilichokata kiko kwenye kopo chini ya kitanda changu. Ndicho kinachonuka.

Kila ulipoandika umekosa, nilijiambia atachoka. Nilipenda ulivyoisimulia, nikaona aibu kukuharibia. Nimekosea, mwanangu. Ningesema Machi, ungekuja Agosti, na mimi ningekuona.

Baba yako

30 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kiwandani chooni, na siku hiyo sikukagua soli hata moja sawasawa. Nimekukasirikia sana. Nitakasirika mpaka nifike, na huenda hata baada ya hapo. Nilizunguka miaka miwili. Agosti hairudi.

Nilimpelekea Mzee Siki barua yako nikamtafsiria. Akasimama akasema kukata filamu ya mtu ni uhalifu. Akazunguka chumba. Halafu akaniuliza kama maungio ya pale ulipokata yalikuwa yanaonekana kwenye pazia la sinema. Nikamwambia sikuona ungio lolote. Akaninakilia kanda yake bila mimi kuomba.

Msimamizi ameniachia mapema. Nafika tarehe kumi na mbili Novemba. Kopo lisiguswe, Mwalimu avumilie harufu.

Nitaiweka kanda, tutakaa sebuleni, na mimi nitakuwa nakueleza kinachopita: sasa mgodi, sasa garimoshi, sasa daraja. Akianguka tu, nitazima mashine. Kuanzia hapo, Baba, utanisimulia wewe.

Binti yako