Hewa Mbaya Katika Choo cha Ghorofa ya Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Upper Marlboro, Maryland
12 Juni 2008, saa tisa na robo alasiri

Jina: Rael Chelagat
Umri: Miaka 51
Kazi: Kusafisha ofisi
Makazi: Bladensburg

Naeleza kwa Kiswahili kwa sababu nikikasirika Kiingereza kinanipotea, na leo nimekasirika.

Nimesafisha jengo lile miaka saba. Tulikuwa tunaingia jioni, watu wakishaenda zao. Mwaka huu mwenye jengo akaanza kutafuta cheti cha jengo la kijani, yaani lisiloharibu mazingira, maana siku hizi wapangaji wakubwa hawatii sahihi mkataba bila hicho cheti. Tukahamishiwa mchana ili taa zisiwake usiku. Za vyooni zinajizima zenyewe mtu asiposogea. Nimepiga magoti nasugua, giza. Nasimama, napunga mikono kama mwendawazimu, zinawaka. Dawa zetu zikaondolewa, jiki ikiwa ya kwanza. Tukaletewa chupa zenye picha ya jani. Ile ya choo ina asidi ya ndimu. Inanukia vizuri, sikatai, lakini ukungu mweusi kati ya vigae vya choo cha wanawake, ghorofa ya tatu, inaupapasa tu.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, msimamizi wetu Bwana Cosmas alituambia wakaguzi wa cheti watakuja leo, Alhamisi. Alisema, "Ule weusi nisiuone. Na smell ya kemikali sitaki." Nikamuuliza, kwa dawa gani? Akasema, "Mama, sugua." Nimesugua, afande. Bega hili haliinuki.

Leo saa nne na dakika arobaini asubuhi nilikuwa kwenye korido ya ghorofa hiyo. Mwenzangu Bilha alikuwa ndani ya choo. Nilisikia akikohoa, kisha akaita, "Anti, kuja! Siwezi kupumua!" Mlango ulikwama, nikaupiga kwa bega hadi ukafunguka. Taa zilikuwa zimezima, kwa kuwa alikuwa ameanguka, hasogei. Hewa ilichoma macho na koo. Nilimshika kwapani nikamburuta hadi nje. Chupa yake ya jani ilikuwa sakafuni, inatoa povu.

Zimamoto walitoa watu wote, wakasema jiki imechanganyika na asidi ya chupa ile ikatoa hewa ya sumu. Wakaguzi nao wakasimama kwenye nyasi na karatasi zao. Bwana Cosmas aliwaambia mbele yangu: "Dawa zetu ni salama, mtu anaweza hata kuzinywa. Msichana ameleta jiki kwa siri. Kazi hana tena." Mimi sijamwona yeye akizinywa.

Bilha yuko hospitali na mpira puani, hawezi kujitetea. Septemba anaanza masomo ya uuguzi kule Annandale. Akiandikwa kwamba alileta sumu, nani atamkabidhi mgonjwa? Bilha hakuleta jiki. Umeniuliza najuaje. Najua tu.

Nimesomewa niliyosema, nami nayakubali.

Sahihi: R. Chelagat

NYONGEZA, saa kumi kasoro dakika kumi

Nimerudi kutoka kituo cha basi. Jiki ni yangu. Niliinunua Jumanne, nikaimimina kwenye chupa tupu ya jani ili Bwana Cosmas asiitambue. Ukungu ukatoka, hata akanisifu. Leo asubuhi Bilha aliniambia dawa yake ya choo inaisha, anataka kuongezea. Nilikuwa nimeinama, nimechoka, bega linauma. Nikamjibu bila kugeuka, "Chukua kwenye toroli langu, usinisumbue." Andika hivyo hivyo.

Sahihi: R. Chelagat

Maelezo ya afisa: Yamepokelewa kupitia mkalimani, Bwana Anatoli. Shahidi ametia sahihi mara mbili. Ameomba nakala mbili: moja ya Bwana Cosmas, moja ya chuo cha Annandale.