Papa, Dawa Iliganda

Papa,

Sisimizi wamerudi bafuni. Niliwaona Jumatano asubuhi, mstari mwembamba kutoka dirishani hadi kando ya choo. Nilimwaga maji ya moto wakapotea. Alhamisi walikuwepo tena, mahali palepale. Unajua maana yake. Kwako waliufuata mkojo wenye sukari kabla ya daktari kusema lolote.

Safari hii wamemfuata Mama.

Nakuandikia Jumapili saa tisa alasiri, duka limefungwa na Mama amelala chumba cha nyuma. Upepo wa Same ni uleule, unasukuma vumbi chini ya mlango hadi kwenye magunia ya sukari. Milimani kuna wingu zito tangu juzi, na huku chini halijaanguka hata tone. Dada Nakijwa anasema mvua inatutazama tu. Bado yuko nasi dukani. Mwanawe alitaka ahamie kwake Msangeni, akamjibu, “Nikiondoka, hawa Wahindi wangu nani atawaambia ukweli?” Angejua ukweli wenyewe uko wapi, asingetania.

Mama alianza vidonge miezi miwili baada ya mazishi yako. Vimeshindwa. Daktari alisema sasa ni sindano, na Mama akakataa palepale, mbele ya watu, huku akifunga mkoba wake. Nyumbani alinionyesha picha yako ukutani. “Kabla ya sindano alikuwa anabeba gunia peke yake. Baada ya sindano hakumaliza mwaka. Sindano ndiyo iliyomchukua. Usinitajie tena.”

Sikumtajia kwa wiki tatu. Katika wiki hizo alijikata kidole kidogo cha mguu wa kushoto kwa bati la debe la mafuta, wala hakusikia. Mimi ndiye niliyeona damu sakafuni. Daftari langu lina kila siku ya kidole hicho: chekundu, chekundu, kimevimba, cha zambarau. Niliandika vizuri sana, Papa. Siku zote naandika vizuri.

Jumatatu nilikwenda peke yangu kliniki ya sukari kuuliza kama kuna dawa nyingine isiyo ya sindano. Nilikuta muuguzi anafundisha wagonjwa namna ya kutunza dawa, nikakaa benchi la mwisho kusubiri. Akamuuliza mzee mmoja aliyetoka Ndungu, “Baba, yako unaiweka wapi?”

“Kwenye mtungi,” akasema mzee. “Chini mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi. Mkulima wa mpunga friji ataitoa wapi?”

Watu wakacheka. Muuguzi hakucheka.

“Msimcheke. Dawa ya huyu ni nzima. Wanaonitesa ni ninyi wenye friza. Dawa ikiganda imekufa. Ikiyeyuka bado imekufa. Ukiona chembe nyeupe zimeshika kwenye kioo, tupa.”

Niliondoka bila kuuliza nilichokwenda kuuliza. Nilitembea hadi stendi, nikapita duka letu, nikarudi. Sikumbuki nilivuka barabara kuu mara ngapi.

Unakumbuka joto la mwezi ule umeme ulipokuwa unakatika kila siku? Niliogopa dawa yako itaharibika. Nikafikiri kwa utaratibu, kama ulivyopenda kunisifia kwa wateja: friji ya soda inapoteza ubaridi haraka, lakini friza la barafu linautunza siku nzima. Nikahamishia vichupa vyako kwenye friza, chini ya mifuko ya barafu tuliyowauzia wenye mabucha. Asubuhi nilikuwa nakitoa kimoja na kukishika kiganjani hadi kiyeyuke. Chembe nyeupe niliziona. Nilitikisa zaidi.

Nilikuchoma maji, Papa. Asubuhi na jioni, miezi minne.

Na sukari ilipopanda nilikulaumu wewe. Nilikagua mifuko ya koti lako. Nilikunusa vidole. Siku moja nilikuuliza mbele ya wateja kama umelamba donge la sukari nguru, na dereva mmoja wa lori akasema, “Mzee, huyu si binti, huyu ni trafiki.” Nawe ulicheka nao. “Mimi nauza sukari, siilambi. Mwulize Mungu.” Uliapa. Uliapa kila jioni niliposoma kipimo, hadi jioni ile uliponitazama ukasema, “Haya, beta, mwanangu. Nimekula. Andika.”

Niliandika. Hata nilifurahi, kwa sababu sasa hesabu ilieleweka.

Ulikubali kosa ambalo hukulifanya ili mimi nipumzike. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi wiki hii. Mwandiko umenyooka.

Jumatatu ile nilimwaga kila kichupa chako kilichobaki kwenye friza. Jumanne nilinunua mtungi sokoni, na dawa mpya kwa cheti alichoandikiwa Mama. Kisha nikakaa kimya siku mbili, na hiyo ndiyo sehemu ninayoiona aibu kuliko zote. Nilijua kwamba maneno machache tu yangeweza kumfanya Mama akubali sindano, na maneno hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa napima: kidole chake upande huu, uso wake akinitazama upande ule. Jumatano walikuja sisimizi. Alhamisi nilipombadilishia bandeji, weusi ulikuwa umeanza kwenye ncha.

Nilimwambia Alhamisi, baada ya chai ya saa kumi. Nilimweleza yote: umeme, friza, chembe, miezi minne. Nikamwambia kwamba sindano haikukuchukua, kwa kuwa hukupata dawa hai kabisa. Alinisikiliza huku ameshika kikombe kitupu. Aliuliza jambo moja tu.

“Na yeye alikuapia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Nawe hukumsadiki.”

Akaingia ndani akafunga mlango. Siku mbili hakusema nami. Chakula alipokea mkononi mwa Nakijwa tu. Nilisikia akizungumza na picha yako kwa Kigujarati, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni aliyemfukuza.

Leo asubuhi Nakijwa alipopita kutusalimia kabla ya kwenda kanisani, Mama alimwita chumbani. Nilikuwa koridoni.

“Nichome,” akasema Mama. “Lakini yeye asiniguse.”

“Mama Hetal, mimi nimezoea kuchoma mahindi, watu sijawahi.”

Hakuna aliyecheka. Nilivuta dawa mimi, nikaikagua dhidi ya mwanga wa dirisha, ikawa nyororo kama maziwa, hakuna chembe. Nikaiweka kwenye sahani, nikaisukuma mlangoni. Nilimwelekeza Nakijwa kwa maneno nikiwa nimesimama nje: bana ngozi, ingiza, hesabu hadi kumi. Mama alitazama ukuta muda wote.

Kwa hiyo ameanza, Papa. Lakini sijui kama ameanza mapema ya kutosha. Weusi umevuka kiungo cha kwanza, na Nakijwa aliporudi kutoka kanisani amenivuta pembeni akaniambia kwamba bandeji inanuka. Nilikuwa nimekwisha kusikia harufu hiyo. Niliijua tangu siku zako.

Kesho nitampeleka hospitali. Atakaa kiti cha mbele na dereva, mimi nyuma. Wakisema ni kukata, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, hata kama hatanijibu. Sitamwachia daktari wala Nakijwa. Na kila asubuhi na kila jioni nitasimama nje ya mlango ule na dawa iliyo hai, mpaka siku atakaponyoosha mkono kuelekea kwangu. Isipofika, nitasimama hivyo hivyo. Nakuahidi.

Lala salama, Papa. Hukula sukari. Sasa Mama naye anajua.

Ameamka. Anamwita Nakijwa.

Binti yako,
Hetal