Uzi wa Mwisho wa Wavu

Ostrander, Kansas
Jumatatu

Kwa dada yangu mpenzi Lorna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Curtis, na kwamba mgongo wake umepata nafuu. Sisi tuko salama, ila usingizi tumeusahau. Wade anaota meno, na Opal siku hizi hataki kabisa kuvaa viatu. Naandika mtoto akiwa begani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Dada, tumechukua ubingwa wa ligi. Chuo chetu hiki hiki, ambacho ulipokuja harusini uliniuliza kama ni chuo kikuu au ni kanisa lenye maegesho makubwa. Mume wangu Tobin alipoanza ukocha msaidizi hapa, mechi za kikapu tulikuwa tunatazama mimi na wazazi wa wachezaji. Jumamosi watu walipanga foleni kwenye theluji, na mwenye duka la matrekta alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mama mkwe wake.

Vijana ni wale wale wanaokuja kwangu kula maharagwe ya nyama na mikate ya mdalasini. Kikapu cha ushindi alifunga Dontrell, yule mrefu ambaye vyuo vikubwa vilimkataa eti ana miguu mizito. Wenzake wakamwambia miguu bado ni mizito, ila kwa leo wamemsamehe.

Baada ya mechi ikaletwa ngazi wakate wavu wa goli, kama ilivyo desturi ya mabingwa, kila mmoja uzi wake wa kumbukumbu. Uzi wa mwisho ni wa kocha mkuu, hilo halina mjadala. Mzee Halvorsen akapanda, akashuka bila kukata. Akamkabidhi Tobin mkasi mbele ya watu wote, akamwambia apande yeye, maana magoti yake yameshastaafu na mwenyewe anayafuata. Ukumbi mzima ulielewa nani anarithi timu. Tobin aliukata bila kumtazama mzee usoni, kwa sababu mzee hakujua kwamba chuo kikubwa cha huko kwenu kilikuwa kimempa kazi na kinangoja jibu lake kesho yake.

Ndani ya gari akaniambia tutahama tu. Alisema anaona nilivyochoka, na huko wewe utanisaidia watoto. Nikamjibu kwamba nimechoka kweli, lakini nitachoka zaidi nikimwona ameketi mwisho wa benchi akiwabebea wengine makaratasi, wakati hapa kuna vijana waliokuja kwa sababu alikwenda kukaa sebuleni kwa mama zao akawaahidi kuwalea. Nikamwambia asubuhi apige simu akatae, nami nitasimama hapo hapo nimsikie.

Kwa hiyo usimlaumu, dada. Aliyekataa ni mimi. Ile nyumba uliyotutafutia karibu na kwako, waachie wengine. Nililia nikiosha vyombo, sikufichi, maana niliyekuwa namtaka ni wewe, si nyumba.

Jana jioni ratiba ya mashindano ya taifa ikatangazwa. Tumepangwa na hao hao wa kwenu, Ijumaa. Vijana walirukaruka mpaka meza ya kantini ikavunjika mguu.

Njoo uwanjani. Ukitaka kukaa na watu wenu, kaa, ila kwanza pita kwangu umchukue Wade. Siku hiyo nataka mikono yangu yote miwili.

Nisalimie shemeji, mwambie asibebe vitu vizito.

Mdogo wako akupendaye,
Janelle