Mapendo wa Kashuga na Mchungaji wa Mawingu

Dada Mapendo,

Tumempata. Yule mwandishi uliyemtafuta mpaka homa ikakuchukua, tumempata, na wewe haupo. Tangu habari ifike nimegeuka mara nyingi kwenye cherehani yangu ili nikuambie, nakuta kiti chako kimejaa nguo za wateja. Ndiyo maana naandika. Sijui barua inafikaje huko ulipo, lakini mambo haya yamenishinda kuyabeba peke yangu.

Ni mwanamke, Dada. Wewe uliapa kuwa ni mzee wa kiume, mwenye ndevu, aliyezaliwa mlimani kama sisi. "Muntu asiyechunga ngombe mu baridi hawezi kuandika ukungu namna hii," ulikuwa unasema. Basi nyuma ya kitabu kuna picha yake: mama wa makamo, nywele fupi, anacheka mpaka macho yamefumba. Wameandika kwamba alizaliwa pwani, kwenye nchi ya tambarare isiyo na hata kichuguu. Ningependa sana kuuona uso wako ukisikia hayo. Najua ungebisha. Ungesema picha ni ya mke wake.

Ulimjua kwa njia ya karanga, mimi nilikuwepo. Tulikuwa tumekikimbia kilima chetu, tunaishi kambini Kashuga, huko Masisi, na siku ile tulikwenda sokoni kutafuta chumvi. Yule mama wa karanga alikuwa na kitabu mapajani, anapasua kurasa moja moja na kuzikunja ili afungie karanga zake. Jalada lilishakwenda. Kurasa za mwisho zilishakwenda. Wewe ulipokea karanga zako, ukazimimina kwenye kiganja changu, ukaanza kusoma karatasi. Ukasimama pale pale katikati ya njia, watu wanakupita na mikungu ya ndizi wakikusukuma, wala husikii. Kisha ukarudi mbio.

"Mama, usipasule tena! Nipatie yenye kubakia."

Alikucheka, lakini alikupa, akaanza kupasua mfuko wa simenti.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na kwenye kambi yetu wewe ndiye uliyekuwa umeonja sekondari kabla ya vita kuifunga shule. Kwa hiyo ikawa kazi yako. Mchana, tukirudi kutoka mashambani mwa watu na kabla ya kuwasha moto, wanawake walikuja kukaa mbele ya turubai letu, wengine wakichambua maharage, wengine wakisukana, na wewe unasoma kimoyomoyo, kidole kikifuata mstari, halafu unatuambia kwa Kiswahili. Neema wako alikuwa mdogo bado, analala mapajani mwako, na ulikuwa unaegemeza kitabu kwenye mgongo wake.

Hapo ndipo tulipomjua Mawazo, msichana mwenye kuchunga mawingu kama wenzake wanavyochunga ng'ombe, ana fimbo na anajua kila wingu kwa jina. Tukamjua mfalme wa bondeni aliyeyaiba mawingu akayafungia ndani ya nyumba ya mawe, mvua ikakoma duniani. Tukamjua ndama mwenye ngurumo tumboni, ambaye akila majani mabichi anatapika radi. Watoto walikuwa wanagaragara kwa kucheka. Na tukamjua Nyanya wa Ukungu, kikongwe anayekusanya moshi wa majiko na kuufuma uwe barabara, ili kila aliyekimbia kwao ataje jina la kilima chake, na barabara ije yenyewe mpaka miguuni pake. Ulipofika hapo, Dada, hakuna aliyecheka. Mama mmoja alitaja kilima chake kwa sauti ndogo. Mwingine akataja chake. Zamu ikaenda hivyo mpaka ikatufikia sisi, na wewe ukainamisha uso kwenye kurasa zako.

Kitabu chetu kilikatika pale Mawazo anapoingia nyumba ya mawe na mlango unafungwa nyuma yake. Zaidi ya hapo kulikuwa na uzi tu. Ndipo ukaanza kumtafuta mwandishi. Uliwauliza mapadri, walimu, madereva wanaoshuka Goma, ukawaonyesha ukurasa, ukawauliza kama wanajua nani anaandika namna hii. Na wanawake walipochoka kungoja uliwapa mwisho wako, "wa kuazima tu," ulisema, mpaka wa kweli upatikane. Mawazo anayafungulia mawingu, anapanda mgongoni mwa lile kubwa, anarudi kwenye kilima cha mama yake, anakuta sufuria ya maharage bado iko motoni na hakuna hata moja lililoungua. Walilia. Wakakuomba urudie tena.

Kisha nasi tukakimbia tena. Tulipita Pinga kwa miguu, kitabu umekifunga tumboni kwa kitenge kama mtoto wa pili, mpaka tukafika hapa Walikale, kwenye msitu na joto, wewe ukilalamika kwamba ukungu wa huku hauna adabu, unalowanisha bila kupoza. Hapa ndipo homa ilipokupata. Siku zako za mwisho hospitalini uliniuliza kama kuna mwalimu mpya wa Kifaransa aliyefika mjini. Nilikuambia nitauliza. Ulikufa kabla ya mvua kubwa, tukakuzika huku, mbali na kilima chetu, kwenye udongo mwekundu ambao hukuupenda. Hilo linaniuma hadi leo, lakini barabara ya kukurudisha nyumbani haikuwepo.

Mwalimu alikuja, Dada. Alikuja baada yako. Neema, ambaye sasa yuko sekondari na ananipita urefu, alimwonyesha zile kurasa zako. Mwalimu akapiga picha moja kwa simu, akamtumia binamu yake wa Bukavu, msomaji asiyetoka maktaba, na jibu likarudi upesi hata tukaona aibu: jina la yule mama, picha ya jalada, na habari kwamba ameandika vitabu vingi na watu wengi wanampenda. Uliuliza njia zote hizo, na jibu lilikuwa kwenye simu ya mtu. Kitabu kizima kililetwa na dereva wa lori, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilitaka kukipeleka moja kwa moja makaburini.

Lakini Neema alitaka kusoma kwanza. Alikaa barazani Jumamosi, tangu asubuhi, hakula. Mimi nilikuwa nashona na kumtazama, nikifurahi, nikisema moyoni, tazama, ni wewe mtupu, hata kidole kinafuata mstari. Mchana akainua kichwa.

"Mama mudogo, Nyanya wa Ukungu iko wapi?"

Nikamwambia aendelee, atamkuta mbele.

"Nimemaliza. Haiko. Na ndama ya ngurumo haiko. Na huyu musichana haitwe Mawazo."

Tukakaa pamoja. Akanisomea, akinitafsiria polepole, na Kifaransa chake ni cha shule, kina mizizi. Ni kitabu kizuri, Dada. Msichana yumo, mawingu yamo, mfalme na nyumba ya mawe vimo. Yule mama ana kipaji. Lakini kikongwe wa moshi hayumo hata kwa kivuli. Hakuna barabara inayokuja ukiitaja. Mwishoni mawingu yanatoka, mvua inanyesha, na msichana anavuka bahari kwenda nchi nyingine, wala hageuki kutazama nyuma. Nilingoja ageuke. Hakugeuka.

Ndipo nikakumbuka vile ulivyokuwa unakaa kimya kwenye ukurasa mmoja, uso umekunjamana, kisha unaanza kusema mbio mbio na macho yako hayako tena kwenye karatasi. Sisi tulidhani unatafsiri. Kumbe maneno yalikuwa yanakukatikia, na pale yalipokatika ulikuwa unajenga daraja, unavuka, na sisi sote tukivuka nyuma yako bila kutazama chini. Miaka yote hiyo nimempenda mwandishi mmoja kuliko wote, nimemtafuta pamoja nawe, na alikuwa ameketi karibu nami anamenya viazi.

Neema hakuliona hivyo. Alilia kwa hasira. Unajua alikuwa amewaambia wenzake darasani kuwa mama yake alisoma kitabu kizima cha Kifaransa kwa kambi nzima, na kwamba walimu hawakufika nusu yake.

"Mama hakujua Kifaransa," aliniambia. "Alikuwa anabahatisha. Alitudanganya sisi wote, na wale wamama wote."

Akakitupa kitabu nyuma ya magunia. Akaacha kukutaja. Siku ya marehemu, watu wote wanakwenda kufagia makaburi, alisema kichwa kinamuuma. Nilikwenda peke yangu. Uliniona nikifagia, na labda ulijiuliza mtoto yuko wapi. Sikuweza kukuambia siku ile. Nakuambia leo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kuna mfanyabiashara mmoja, Mama Kavira, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kweli kweli, rozari shingoni na sauti ya kuita lori. Anateremka mpaka Bweremana, kando ya ziwa, kununua sambaza zilizokaushwa, dagaa wa huko, anazunguka nazo kwa Bukavu mpaka huku. Alikuja kushonesha sare ya binti yake mdogo. Neema alikuwa ananisaidia kukata. Yule binti alipoona mkasi na utepe wa kupimia alianza kupiga kelele, akajikunja chini ya meza. Mama Kavira hakumpiga. Aliinama akamwambia:

"Nyamaza, we! Ukilia hivi, ile ndama ya ngurumo itatapika radi hapa, na nguo ya Mama Furaha itaungua!"

Mtoto akanyamaza. Mkasi wa Neema nao ukanyamaza.

"Mama," akamuuliza, "hiyo ndama uliisoma wapi?"

"Kusoma? Mi sikusoma, mutoto. Niliisikia Bweremana, kwa wamama wa sambaza. Wakianika samaki ndiyo ile wanaelezea. Kuko na ndama, kuko na kikongwe ya moshi. Weye huijue? Kila mutoto pale anaijua."

Neema akaketi chini kwenye vipande vya vitambaa. Akamwomba aendelee. Na Mama Kavira, mikono kiunoni, akaisimulia yote, Dada. Barabara ya moshi. Kutaja jina la kilima. Aliongeza vya kwao, mfalme amekuwa mwenye kuuza mafuta ya gari, na Mawazo anasimama ziwani ili mawingu yanywe. Lakini ni yako. Mwishoni sufuria ilikuwa motoni na maharage hayakuungua. Akatuambia wale wanawake waliipata kwa wakimbizi waliopita pale wakitoka Masisi, na kwamba siku moja aliwauliza nani aliitunga, wakasema hawajui, iliteremka kutoka juu milimani.

Nilimtazama Neema. Nilifikiri atalia tena. Alisimama, akajipangusa uzi kwenye sketi, akasema kwa heshima, kama mtu anayejibu darasani:

"Mwenye kuitunga ni mama yangu. Jina yake ni Mapendo. Alikuwa mu kambi ya Kashuga, na mimi nilikuwa pale mapajani pake."

Mama Kavira alinitazama mimi, nikatikisa kichwa kukubali. Akamshika Neema mashavuni kwa mikono yake miwili yenye harufu ya samaki.

"Basi nitawaambia," alisema. "Nikishuka tena nitawaambia wale wamama: hadisi iko na mwenyewe. Mapendo wa Kashuga."

Ninachojutia ni kwamba hukulisikia neno hilo. Ulikufa ukijiona msomaji wa kitabu kilichochanika, tena msomaji mbovu, labda ukiogopa siku ambayo tutakipata kizima na kukushtaki. Kama uliogopa, pole, Dada. Kama ulikuwa unacheka kimoyomoyo, basi umetuweza. Ningekuuliza Nyanya wa Ukungu ulimtoa wapi, kama ni mama yetu, kwa sababu ana ile tabia yake ya kukohoa kabla ya kusema jambo jema. Sikuuliza kwa sababu nilidhani ameandikwa. Nitaishi na swali hilo.

Jumapili Neema alikuja nami kaburini. Aliifagia sehemu yako mpaka ukingoni mwa ya jirani. Hakusema kitu kirefu, alisema tu, "Mama, nimekuja," akakaa. Kile kitabu tumekitoa nyuma ya magunia, yule mama wa pwani hana kosa lolote, na Neema ameanza kukisoma upya, safari hii anakifurahia. Amesema anataka kumwandikia amwambie kwamba hadithi yake ilifika Masisi ikazaa.

Pumzika sasa, Dada. Udongo huu mwekundu si wako, lakini jina lako limeshaondoka, liko njiani kuelekea ziwani kwenye gari la samaki. Nakuahidi hili: barabara ya Kashuga ikifunguka nitapanda, nitakaa na waliorudi, na kabla ya kufungua mdomo nitasema ni hadithi ya nani. Na nikifika mahali nimesahau, sitauliza mtu, wala sitafunua ukurasa. Nitafumba macho nitunge, mpaka tuvuke wote.

Mdogo wako,
Furaha