Kwa Mke Mwenzangu, Aliyeongea na Binti Yangu Kabla Yangu

Mke mwenzangu Athieno,

Watu wa mtaa wetu hapa Busia wanadhani nilikuonea wivu kwa sababu ya mume. Waache wadhani. Baba Salha ni mtu wa lori; nusu ya ndoa yetu ameimalizia kwenye foleni ya mpakani Malaba, na kumgawana mtu ambaye hayupo si kazi kubwa. Zamu yako ilipofika nililala vizuri. Kilichoninyima raha ni binti yangu.

Unakumbuka ulivyofika? Ulikuja kutoka kwenu Mukuju na mfuko wa mtama, sufuria mbili, na Kiswahili chako cha upande wa Uganda kilichowachekesha majirani. Siku ya nikaha Baba Salha alikupa jina la Aisha, lakini mimi nilikuita Athieno tangu mwanzo, nawe ukaitika. Salha alikuwa na miaka mitano na hakuwa amewahi kutamka neno. Mama mkwe alisema ni kiburi, amekirithi upande wangu. Shehe alimsomea. Mimi nilikuwa nikimwita mpaka nachoka, kisha namfuata na kumvuta mkono kwa hasira.

Hukuwa umemaliza hata wiki kwetu. Ulikuwa unaosha vyombo uani, na Salha amekupa mgongo, anacheza na vifuniko vya soda. Ukaangusha sinia kwenye saruji, kwa makusudi. Kuku wakaruka. Mimi nikatoka jikoni mbio. Salha hakugeuka.

"Mama Salha," ukaniambia, "huyu mtoto hapana kiburi. Yeye hasikii. Ndugu yangu kule kwetu iko namna hii hii."

Nikakujibu kwamba mtoto wangu si bubu, na kwamba wewe hujazaa, kwa hiyo unyamaze. Hukunyamaza. Ulipiga magoti mbele yake, ukamgusa bega, ukaonyesha chungu, ukapeleka vidole mdomoni na kuinua nyusi. Chakula? Salha alikutazama kwa muda. Akatikisa kichwa, kisha akakunja mkono kama ameshika kikombe na kuuinua. Maji. Mlikuwa mmeongea. Mazungumzo ya kwanza ya binti yangu hapa duniani aliyafanya na wewe, mbele ya macho yangu, mimi nikiwa nimesimama na mwiko mkononi.

Ni wewe uliyenisukuma hadi hospitali, wakampima masikio na kutuambia sikio moja halisikii kabisa na la pili linasikia kidogo sana. Mimi nilikuwa nalia. Wewe uliuliza, "Sasa shule?" Ndipo tukaelekezwa kwenye ofisi ya tathmini, wanakomwangalia mtoto na kuamua aende shule ya aina gani. Nimezaliwa mji huu na sikujua ofisi hiyo ipo.

Baba Salha hakutaka. Alisema mtoto kama huyo akae nyumbani ajifunze kupika. Ulikuwa umesimama mlangoni na sahani yake ya chakula, na hukumpa.

"Ndugu yangu alikaa nyumbani," ulimwambia. "Sasa ni mtu mzima, nachunga mbuzi ya watu, hata jina yake hawezi kuandika. Wewe nataka hiyo?"

Asubuhi alitoa cheti cha kuzaliwa cha Salha sandukuni na kukikabidhi. Alikukabidhi wewe, si mimi niliyemzaa.

Pale ofisini tulikutana na afisa mmoja, mama mwenye miwani. Salha alikaa katikati yetu. Mama yule akauliza mtoto anajuaje mgeni akiingia. Ukasema anauhisi mlango kwa nyayo. Akauliza akikasirika anafanya nini. Ulijua. Akauliza anapenda kula nini, nami nikawahi kusema wali. Ukasita, ukanitazama kwa kuomba radhi, kisha ukasema, "Siku hizi amewacha wali. Yeye napenda viazi."

Afisa akaandika viazi. Halafu akakuangalia wewe na kusema, "Mama, umefanya kazi nzuri sana na mtoto wako."

"Hapana mimi," ukasema upesi. "Mama ni huyu."

Akanigeukia na kutabasamu, lile tabasamu la kumpa mtu pole. Athieno, mume ningekuachia siku zote za juma nisiumie hivyo. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Baada ya hapo nilianza kukuchungulia. Nyinyi mkiwa uani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, natazama mikono yako: hii ya kulala, hii ya mvua, hii ya baba amerudi. Mkiondoka nilijaribu peke yangu, juu ya maharagwe yanayochemka. Sikukuomba unifundishe. Nafsi ilikataa kabisa.

Kisha mama yako akaugua, ukalazimika kwenda Mukuju wakati tulipokuwa tumepangiwa kurudi ofisini. "Mama Salha, ningoje," uliniambia ukifunga mzigo. "Nakwenda kuona mama, halafu tunakwenda pamoja."

Sikukungoja. Nilimwombea mama yako apone, na nilimwombea kwa dhati, lakini moyoni nilikuwa na furaha. Safari hii jambo la Salha lingekuwa langu.

Mama wa miwani hakuwepo. Tulipokelewa na bwana mmoja mwenye tai. Alipanga vibao vya rangi mezani na kumwambia Salha, kwa mdomo, "Nipe chekundu." Salha akamtazama tu. "Haya, hesabu." Akamtazama tu. Bwana akapumua, akafunga faili, akaniambia kwa upole kwamba akili ya mtoto iko nyuma sana. Angempeleka kwenye darasa maalum la watoto wenye ulemavu wa akili, katika shule ya msingi iliyo jirani na kwetu. "Ni karibu, mama. Hutahangaika."

Nilikuwa tayari nimesimama kusema asante, maana ofisini nimezoea kusema asante. Lakini nikajiuliza: Athieno angefanya nini? Swali hilo liliniwasha kifuani kama pilipili. Hata ukiwa mbali, kule Mukuju, bado ulikuwa chumbani mle ukimtetea mtoto wangu. Nikakaa tena.

"Umempima kwa mdomo mtoto asiyesikia," nikamwambia. "Ripoti ya hospitali imo humo kwenye faili. Isome."

"Mama, sisi tuna utaratibu."

"Nami sitoki hapa."

Nilipiga magoti. Nikamgusa Salha bega, nikainua nyusi, nikagusa mdomo wangu wa chini, ile ishara yenu ya rangi nyekundu. Salha alishtuka. Alinitazama kama mtu aliyemsikia kuku akimsalimu. Hakuwahi kujua kwamba mimi pia naongea. Kisha akachukua kibao chekundu na kukiweka mkononi mwangu. Nikaomba vya kijani, akavileta vyote. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, akanipita na kuendelea bila mimi.

Bwana yule alivua miwani yake ya kusomea. "Nani amemfundisha?"

Nilifungua mdomo nitaje jina lako. Nikasema, "Nyumbani."

Alifungua faili upya. Tulirudi siku nyingine tukamkuta mwalimu anayejua lugha ya ishara, na Salha alikaa naye mpaka sisi wengine tukasahaulika. Wakaandika shule ya viziwi, ya bweni. Uliporudi nikakuambia imekwisha, amepata. Uliketi sakafuni ukalia, kisha ukanikumbatia, nami nikasimama wima kama nguzo ya stima.

Mwaka huo wewe na Baba Salha mlishindwana, ukarudi kwenu. Salha alikuwa shuleni. Likizo ilipofika aliingia uani, akanipita mimi na mikono yangu iliyofunguka, akaenda kupiga mlango wa chumba chako. Aliupiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Niliyemweleza kwamba umekwenda ni mimi. Niliyempigia magoti kumweleza, kwa ishara nilizokuibia, ni mimi.

Sasa ana miaka tisa. Ameniacha mbali kwa lugha yake. Nami nakwenda kwenye mafunzo ya wazazi shuleni kwao ili angalau tuweze kugombana. Na tunagombana, mwenzangu! Mikono inaruka hadi majirani wanasogeza viti. Nimeyapenda magomvi yale kuliko nyimbo.

Shuleni wanapeana majina ya ishara, kila mtu na lake, kwa kitu kinachoonekana kwake. Wewe Salha amekupa lako. Anaweka kidole kwenye meno ya mbele, pale penye mwanya wako, na uso wake wote unacheka. Mama mkwe ana jina. Hata muuza mkaa ana jina. Nikauliza la kwangu, akafanya ishara ya mama. Nikamwambia hilo si jina, kila mtoto ana mama. Akashangaa. "Wewe ni mama," akajibu. "Jina la nini?"

Ninaowasimulia wanasema hapo nimeshinda. Mimi sioni hivyo. Mtu hupewa jina na aliyemtazama vizuri, na binti yangu alikutazama wewe.

Anakuulizia kila siku ya likizo hii. Kwa hiyo Jumamosi tunavuka mpaka na kushika njia ya Tororo, tunakuja Mukuju. Sijapona wivu, na sitakuja nikijifanya nimepona. Ila nina ombi moja, na ulipokee kama mwanamke aliyewahi kukaa nami uani. Ukituona barabarani, usikimbie kumpokea. Kaa ndani kidogo. Acha nimshike bega, ageuke anitazame, nami nimwambie kwa mikono yangu kwamba tumefika, na nani yuko ndani ya nyumba hii. Habari hiyo nataka aipate kwangu.

Halafu utoke.

Ni mimi mwenzako,
Mama Salha