Kofia ya Ustinya

Mto Pechora, 9 Januari 1958

Mdogo wangu Fevronya,

Salamu nyingi. U mzima huko mjini? Sisi wazima, ila mama miguu inamsumbua.

Keti kwanza ndipo usome. Namuoa Ustinya, binti wa Savvati. Usinitukane. Baba kafa na jina la mwizi, najua, lakini Ustinya alikuwa mtoto mambo hayo yakitokea. Savvati ametoa kofia ya harusi, na ukingo wake ni zile zile ngozi tatu za vicheche alizopewa na wazee siku ya hukumu. Anasema ndiyo mapatano yetu. Bitana imechakaa. Wewe ndiye fundi wa manyoya, itie mpya.

Kaka yako,
Yermil

Syktyvkar, 23 Januari

Kaka Yermil,

Sijambo. Mpe mama pole. Kofia imefika. Mapatano, eti!

Nimeifumua. Ni vicheche wa ncha nyeusi mkiani, si wale wadogo wasio na ncha. Mgongo kahawia, tumbo jeupe, wamenaswa wakibadili koti. Unaikumbuka kesi? Baba alisema kawanasa mwanzo wa theluji, Savvati akiwa hajatega hata mtego mmoja. Savvati akasema la, ni wa theluji ikiyeyuka, kaibiwa mitegoni mwake. Manyoya hayasemi, majira yote mawili madoa ni yale yale. Ndipo wazee wakageuza ngozi. Theluji ikiyeyuka nywele za kahawia huota, na upande wa nyama huwa mweusi. Mwanzo wa theluji huota nyeupe, na ngozi hubaki nyeupe. Wakaona weusi. Baba akanyang'anywa njia yake ya mitego, alama yetu ya njia ikafutwa mitini kwa shoka, na hakuna aliyempa mkono mpaka akafa.

Sasa sikia. Nilipoisugua moja kwa pumba na siki, weusi ukatoka. Masizi, Yermil! Masizi na mafuta ya samaki! Chini yake nyeupe pe. Savvati ndiye aliyezipeleka kwa wazee, akazipaka kwanza. Namtaka Savvati alie. Namtaka asimame mlangoni kama baba alivyosimama, na watu wampite.

Mdogo wako,
Fevronya

Mto Pechora, 4 Februari

Mdogo wangu,

Usiniulize hali. Barua yako nimeisoma ghalani nisionwe.

Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya, funika jambo hili. Baba hafufuki. Ustinya ana mimba yangu. Shona bitana ya hariri nyekundu, nzito, watu waje wale mkate wa samaki wa harusi, wakalale. Yaliyopita si ndwele.

Kaka yako,
Yermil

Syktyvkar, 15 Februari

Kaka,

Hujambo? Hongera ya mtoto. Nimeshona hariri nyekundu kama ulivyotaka. Mwambie Ustinya asiiguse mpaka siku yenyewe.

Mdogo wako,
Fevronya

Mto Pechora, 3 Machi

Fevronya,

Mama mzima.

Mimi mwanamume, harusini huwa kwenye bia. Sikujua kwamba wanawake humvua bi harusi kofia wakaipindua, waone kama mshono wa ndani ni wa mvivu. Wewe ulijua. Bibi Anfisa, mkongwe wa kijiji, alivuta uzi mmoja tu, bitana yote ikafunguka. Ngozi mbili nyeupe, na moja umeiacha nyeusi makusudi. Akalamba kidole, akaisugua, akakiinua tukione.

"Savvati mwanangu," akasema, "kicheche wako anachuja?"

Nyumba nzima ni wawindaji, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliweka vikombe chini, wakavaa makoti, wakampita Savvati mlangoni mmoja mmoja. Alinyoosha mkono. Hakuna aliyeushika. Kesho yake wakachonga upya alama ya baba mitini.

Padri alikuwa bado njiani, hakuwahi kutufungisha ndoa. Ustinya kahamia ng'ambo ya mto na baba yake. Kaniuliza kama nilijua, nikashindwa kusema uongo. Mtoto wangu atazaliwa huko na sitaruhusiwa kumshika. Haya, umeshiba?

Yermil

Syktyvkar, 20 Machi

Kaka Yermil,

Salamu kwa mama. Soma jibu langu mara mbili: nimeshiba.

Kwa mtoto nimelia mpaka sindano ikanishinda. Kwa Savvati sina chozi, na ingekuwa kesho ningeshona vile vile. Ulinitaka nimfunike baba mara ya pili, Yermil, na kwa hariri!

Naona umeacha kujiita kaka yangu. Sitakulazimisha. Mimi jina la kuweka hapa chini ninalo, na siku hizi hakuna wa kulitemea mate.

Fevronya,
binti wa Gavril mwindaji